Kalamu za Risasi za Uchagani

Ukitoka Tanga kwa basi kwenda Moshi, ukishaipita Mombo milima ya Usambara inakuwa mkono wa kulia, imeinuka ghafla juu ya mashamba ya mkonge, na chini yake kuna kituo kidogo kiitwacho Mkumbara. Abiria wengi hupita hapo wamelala. Mimi hukaa dirishani kwa makusudi. Enzi za Wajerumani kampuni ya Wilkins & Wiese ilivuta kamba za chuma kutoka msitu wa Shume, huko juu kabisa, mpaka relini hapa chini. Mbao za mtarakwa ziliteremka zikining'inia juu ya makorongo, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikaenda bandari ya Tanga na kuvuka bahari. Huko Ujerumani waliozisubiri kwa hamu walikuwa watengeneza penseli. Mtarakwa ni mwekundu, mwepesi, unanukia, na kisu kinauchonga bila kuupasua. Mwerezi mwekundu wa Marekani uliokuwa ukifanya kazi hiyo ulikuwa unaadimika, na viwanda vilikuwa vinatafuta mti wa kushika nafasi yake.

Reli hiyohiyo iliendelea mbele, ikafika Moshi mwaka 1911. Nami naifuata njia yake kila nipatapo nafasi, ila ninachokitafuta ni penseli isiyo na mti hata kidogo. Nakusanya zile kuukuu za chuma na plastiki, ambazo risasi ikiisha unatia nyingine: za kubonyeza, za kuzungusha, na zile nene za wachora ramani ambazo ukibonyeza kitako, meno yanafunguka mbele na kuiachia risasi. Kote Tanzania sijaona mahali penye penseli hizi zenye mambo mengi ya kusema kama Moshi na vijiji vya mlimani. Sababu ni kazi zilizofanyika huku: kahawa iliyopimwa na kuandikwa kilo kwa kilo, misitu iliyowekewa mipaka, mifongo, yaani mifereji ya maji, shule za misheni, reli, na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Karani, mwalimu na mpima ardhi, kila mmoja alikuwa na kalamu ya risasi mfukoni, na uchagani watu hawatupi kitu ovyo.

Moshi nilishukia stendi mchana, jua kali, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake saa hizo. Sikwenda hotelini. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi saa mmoja mwenye meza yake kibarazani, si mbali na Soko la Kati, ambaye nilisikia habari zake kwa mkusanyaji mwenzangu. Kama unatafuta kalamu za zamani katika mji wowote wa nchi hii, anza na mafundi saa. Kalamu ikiharibika mtu huipeleka kwao, wana bisibisi ndogo na macho ya subira, na mwenye kalamu asiporudi kuichukua inabaki kwenye kopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Saa au miwani?"

Nilipomwambia ni penseli, aliinua lensi jichoni, akanitazama vizuri, akainama chini ya meza na kutoa kopo la mafuta ya kupikia lililojaa vipande. Alitandika gazeti, akamwaga. "Chagua. Zikitembea bei moja, zisizotembea bei nyingine."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu watu huniuliza mara nyingi penseli moja inatofautianaje na nyingine mpaka mtu asafiri kwa ajili yake.

Kwanza nasoma maandishi ya nchi. Kalamu iliyochongwa D.R.P. au D.R.G.M. ina hakimiliki ya Ujerumani ya kabla ya vita kuu ya pili kwisha mwaka 1945. Iliyoandikwa W.-Germany ni ya baada ya mwaka 1949 Ujerumani ilipogawanyika, na ni ya kabla ya 1990 ilipoungana. Made in Czechoslovakia haiwezi kuwa ya baada ya 1992, maana nchi hiyo ilikoma mwaka huo ulipokwisha. Maneno hayo madogo, ambayo mara nyingi yamefutika nusu, yanakupa miaka bila kuuliza mtu. Kwenye gazeti la fundi zilikuwepo mbili za Koh-i-Noor kutoka Czechoslovakia, kampuni ya mji wa České Budějovice, nyeusi, za milimita 2, za kiofisi kabisa.

Kwa zile za fedha unasoma mihuri. Ilikuwepo moja tu, nyembamba, ya kuzungusha, imekuwa nyeusi kwa kukaa. Nilimwomba fundi kitambaa nikafuta karibu na pete ya juu: simba anayetembea, yaani fedha halisi ya Uingereza ya sehemu 925 katika 1,000, kando yake nanga, alama ya ofisi ya Birmingham. London hutumia kichwa cha chui. Kalamu za namna hiyo ndizo wazee wa penseli zote za kisasa. Mwaka 1822 John Isaac Hawkins na Sampson Mordan waliandikisha London hakimiliki ya penseli inayosukuma risasi yenyewe mbele, na jina la Mordan likakaa kwenye kalamu za fedha kwa zaidi ya karne. Hii ya fundi haikuwa ya Mordan, ilikuwa ya fundi mwingine wa baadaye, lakini ilifika Moshi kwa namna fulani, mfukoni mwa mlowezi au mmisionari au mfanyabiashara, ikasota.

"Nilikuwa nazo nyingine kama hiyo," fundi akasema. "Sonara alizichukua."

Nilijua maana yake. Zimeyeyushwa, zimekuwa pete. Hiyo huniuma kuliko bei yoyote ninayolipishwa, kwa sababu sonara analipia uzito, na kalamu hizi ni nyepesi mno. Thamani ya gramu chache za fedha inafuta jina la fundi, mwaka wa kutengenezwa, na herufi za mwenyewe kama zilichongwa. Niliinunua ile bila kubishana.

Pili natafuta kalamu iliyounganishwa. Hili ni tatizo la kila soko, na kwa mafundi wetu si udanganyifu: mtu ameleta kalamu imekatika kitako, fundi akapachika cha nyingine ili kazi iendelee. Lakini mkusanyaji akiiona anadhani amepata toleo la ajabu ambalo halimo katika orodha yoyote. Palikuwa na moja ya kijani yenye kitako cha bluu. Rangi mbili hizo pamoja zingemfanya mtu asilale. Nikaielekeza kwenye mwanga, nikazungusha polepole: kwenye kiungo palikuwa na mstari mwembamba wa gundi iliyogeuka manjano, na unene wa kitako ulizidi mwili kidogo, kiasi cha ukucha kukwama. Toleo la kweli la kiwandani halikwamishi ukucha. Rangi hupotea, nembo hufutika, lakini viungo vya kiwandani hubaki vimekaa sawa hata baada ya nusu karne.

Tatu, na hili ndilo ninalolitetea mbele ya wenzangu wote, nafungua na kutazama risasi iliyobaki ndani.

Wakusanyaji wengi wanaitupa. Wanasafisha kalamu, wanapuliza, wanatia risasi mpya, wanapiga picha. Mimi nasema kuitupa risasi hiyo ni kutupa nusu ya kalamu. Jina la kampuni linakuambia ilitoka wapi. Risasi inakuambia ilifanya nini hapa. Risasi ya penseli si madini ya risasi, ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuokwa, njia ambayo Nicolas-Jacques Conté aliiandikisha Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, risasi inakuwa ngumu na mstari wake mwembamba wa kijivu: hizo ndizo H, 2H, mpaka za juu huko. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi: B, 2B. Mpima ardhi hawezi kufanya kazi na 2B, itapaka karatasi nzima akiburuza rula. Mwalimu hawezi kusahihisha kwa 4H, hakuna mtoto atakayeiona. Ukijua ugumu wa kipande kilichobaki, umeshakaribia kumjua mwenye kalamu.

Katika kopo lile palikuwa na penseli ya kuzungusha isiyo na jina lolote, mwili wa shaba iliyopoteza nikeli yake. Mwingine angeiruka. Nilizungusha ikatoa ncha ya kijivu. Nikalamba kidole, nikaigusa, nikaandika pembeni mwa gazeti. Maandishi yakageuka zambarau palepale. Fundi akasogea kuangalia. Hiyo ni risasi ya kopi, yenye rangi ya anilini ndani yake: kavu inaonekana kama penseli ya kawaida, ikipata unyevu inakuwa wino usiofutika. Makarani waliitumia palipotakiwa maandishi yasiyochezewa, kama stakabadhi, orodha za mishahara, daftari za mizigo. Katika mji uliokuwa na chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro tangu 1925, kisha chama cha ushirika cha KNCU kuanzia 1933, na ghala za kukoboa kahawa karibu na reli, karani mwenye risasi ya zambarau hakuwa mtu wa kubabaisha. Kilo ulizoandikiwa zimeandikwa. Kwa kalamu hiyo ya shaba isiyo na jina fundi alitaka shilingi elfu tatu. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote za siku ile.

Soko la Memorial nalipita haraka, na nashauri msafiri afanye hivyohivyo kama shida yake ni penseli. Ni soko zuri la mitumba, nguo na viatu na mikoba, na mara mojamoja ndani ya mfuko wa koti la kizungu hukutwa kalamu. Lakini hiyo imeingia nchini juzi ndani ya robota. Haikuandika chochote hapa.

Kesho yake nilipanda gari la Sanya Juu. Nilitaka kuiona mitarakwa ya Kilimanjaro, maana upande wa magharibi na kaskazini mlima ni mkavu, na huko ndiko mti huo unakopenda. Boma Ng'ombe gari linaiacha lami ya Arusha na kukunja kulia kuelekea Siha. Ukiwa hapo, tazama kushoto kabla hujakunja. Kusini ng'ambo ya uwanja wa ndege wa KIA kuna vilima vya Mirerani. Dunia inaijua Mirerani kwa tanzanaiti iliyogunduliwa mwaka 1967, lakini mawe yanayoibeba tanzanaiti yamejaa kinywe. Wanaapolo, yaani wachimbaji, wakitoka shimoni huwa weusi wanaong'aa, nyusi mpaka kucha, na weusi ule ndio uleule uliomo katika penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Miaka ya 1990 palikuwa na mgodi uliochimba kinywe chenyewe pale, ukafungwa kabla muongo haujaisha.

Kwa hiyo vyote viwili, mti na kinywe, vinapatikana mbele ya macho ya mtu mmoja aliyesimama Boma Ng'ombe. Penseli zenyewe zilitoka Nuremberg, Geneva, London na Tokyo. Nasema hivi kwa uchungu, na wala sidhani ni jambo lililopita: kinywe cha nchi hii kina wateja wengi leo kwa ajili ya betri, na bado nanunua risasi ya milimita 2 iliyotoka ng'ambo.

Kupita Sanya Juu hewa inabadilika. Mashamba ya ngano na viazi, kisha shamba la miti la serikali la West Kilimanjaro, misonobari na misaiprasi iliyopandwa kwa safu, na wakulima wamelima viazi na karoti katikati ya miche midogo. Mitarakwa yenyewe haipangwi safu. Niliyoionyeshwa na bwana mmoja wa misitu ilikuwa juu zaidi, imetawanyika, magome yake yanachanika nyuzinyuzi, mashina yamejipinda. Aliokota kijiti kikavu, akakichana kwa kisu na kunipa ninuse. Ni harufu ya penseli mpya, ile inayotoka mkebe ukifunguliwa siku ya kwanza ya muhula. Aliniambia mti huo unakua polepole sana na hukaa ardhini bila kuoza, ndiyo maana watu waliutaka kwa nguzo za uzio. Nilimwonyesha ile kalamu ya fedha. Akaizungusha mara mbili, risasi ikatoka, ikarudi. "Hii haikati mti," akasema, akanirudishia.

Ni kweli, ila waliobuni penseli hizi hawakuanza kwa ajili ya kuokoa miti. Kalamu ya kutia risasi ni ya kale kuliko watu wanavyofikiri. Mswisi Conrad Gessner alichora moja katika kitabu chake cha mwaka 1565, na ndani ya meli ya Kiingereza Pandora, iliyozama mwaka 1791 karibu na Australia, wazamiaji waliikuta nyingine. Walichotaka ni ncha isiyobadilika, urefu usiobadilika, na mikono isiyoshika kisu kila dakika. Tokuji Hayakawa aliitoa ya kwake Japani mwaka 1915, na kampuni aliyoanzisha ndiyo leo inaitwa Sharp, ile ya redio na televisheni. Mwaka 1929 Caran d'Ache ya Geneva ikatoa Fixpencil, iliyobuniwa na Carl Schmid, yenye meno yanayofungwa kwa springi, na karibu kila kalamu ya mchora ramani inafuata mtindo huo mpaka leo. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pentel ya Japani ikaacha udongo ikatumia utomvu wa plastiki, risasi ikawa imara hata ikiwa na unene wa milimita 0.5, na ndipo kizazi cha sasa cha penseli za kubonyeza kilipozaliwa. Wanafunzi wa Moshi wananunua za kuiga kwa bei ya soda, na zinaandika.

Upande wa mashariki niliuweka mwisho kwa sababu ndiko kulikokuwa na ahadi. Kupitia Himo nilipanda hadi Kilema, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya upimaji tangu kijana mpaka kustaafu, mjomba wa rafiki yangu. Nyumba iko ndani ya kihamba, migomba juu, kahawa chini yake, mfongo unapita nyuma ya banda la ng'ombe. Nilifika na kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama nilivyoelekezwa.

"Karibu mwanangu. Wewe ndiye wa penseli?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa kwanza, zenyewe hazikimbii."

Zilikuwa ndani ya mkoba wa turubai, pamoja na kipimo cha pembe cha shaba, rula ya mbao yenye pande tatu, na kibao kidogo kilichogandishiwa msasa. Penseli tatu za milimita 2. Ya kwanza Faber-Castell ya kijani, TK 9400, jamii ya kalamu zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Ya pili Koh-i-Noor, ndugu wa zile za fundi saa. Ya tatu Staedtler ya bluu, shingo ya chuma yenye mikwaruzo ya kushikia, na hiyo ilinifanya nisogee dirishani, kwa sababu haikuwa na klipu.

Toleo lisilo na klipu ni jambo la kutafutwa. Nikaichunguza. Sehemu ya juu, chini kidogo ya kitako, palikuwa na bluu iliyokoza kuliko kwingine: pete nyembamba kuzunguka mwili, na kutoka kwenye pete hiyo ulimi mrefu wa bluu ileile ukishuka chini. Jua lilikuwa limefifisha kalamu nzima isipokuwa hapo. Klipu ilikuwepo miaka ya mwanzo, kisha ikaondolewa, na baada ya hapo kalamu haikukaa sana juani, la sivyo alama ile ingefutika. Nikamuuliza mzee.

"Niliitoa mwenyewe," akasema. "Inazuia kuzunguka."

Akaomba karatasi. Akatia ncha kwenye msasa, akaichonga kwa mizunguko midogo mpaka ikawa sindano, akaifuta kwa kitambaa, akaweka rula. Kisha akavuta mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na wakati mkono unakwenda, kidole gumba kilikuwa kinaizungusha kalamu taratibu dhidi ya kile cha shahada. Mstari ulikuwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Bila kuzungusha, ncha inakwisha upande mmoja na mstari unanenepa njiani, na kwenye ramani ndogo unene huo ni mita kadhaa za shamba la mtu. Kalamu yenye klipu inagonga kidole kila mzunguko. Wachora ramani wengi wa zamani walizitoa klipu. Nilishasoma habari hiyo, lakini kuiona ikifanywa na mkono wenye zaidi ya miaka themanini, bila kutetemeka, ni jambo lingine kabisa.

Niliomba ruhusa kuifungua. Risasi iliyobaki ilikuwa fupi, nikaijaribu kwenye karatasi kando ya vipande vyangu vya mfano: 4H. Ya kijani ilikuwa na 2H. Ile Koh-i-Noor ilikuwa na HB.

"Hiyo HB ya kuandikia barua," mzee akasema. "Hii ya kijani ya ofisini, kuchora kabla ya kutia wino. Ya bluu ya porini."

"Kwa nini porini ngumu zaidi?"

"Karatasi ina unyevu. Laini inapaka. Na wino porini usiulize. Wino ukinyeshewa unalia, wote unateremka. Risasi hainyeshewi."

Alifanya kazi kwenye mipaka ya vihamba, barabara, na mara kwa mara kwenye ukanda wa nusu maili. Wasomaji wasio wa huku hawaujui: mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili kando ya mashamba ya kusini mwa mlima, chini ya hifadhi ya msitu, ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia hifadhini. Umebadilishwa wasimamizi mara kadhaa, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, suala la nani anaingia wapi likapamba moto upya. Ugomvi wote huo unahusu mistari, na kila mstari kati ya hiyo, kabla ya kupigwa muhuri na kuitwa sheria, ulivutwa na mtu aliyelowa akiwa ameshika penseli ngumu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu juu mpaka chini. Gillman's Point, ukingo wa kasoko wanakofikia wapandaji wa njia ya Marangu kabla ya kuendelea Uhuru, pamepewa jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli ya Tanganyika aliyepanda mwaka 1921. Yeye ndiye pia aliyechora ramani ya uoto wa Tanganyika nzima, iliyochapishwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Kule juu wino wa maji unaganda, na kalamu za bolpeni zinagoma kwa baridi. Kinywe hakina cha kuganda. Waongoza wageni wa Marangu wanalijua hilo, na wengine bado wanabeba kipande cha penseli kwa ajili ya kuandika majina na saa.

Mzee hakutaka kuuza. Alikuwa na mjukuu anayesoma ufundi, na ya kijani ilikuwa yake tayari, kwa maneno. Ya HB anaitumia mwenyewe kwenye daftari la maziwa. Lakini ya bluu, akasema, meno yake yamelegea, risasi inateleza ukikandamiza, na kijana wa leo hana subira nayo. Nikamwambia meno hayo yanarekebishika: mara nyingi ni vumbi la kinywe lililojaa nyuma yake. Nikaifungua mbele yake, nikasafisha kwa brashi kavu na spiriti ya jiko lake, nikarudishia. Ikashika. Aliijaribu, akavuta mistari miwili mingine, akacheka.

"Sasa umejiharibia. Imepona, sikupi."

Tukabishana kwa heshima kwa muda wa kikombe cha chai. Mwishowe tulikubaliana hivi: nitaichukua, ila nisiitie klipu, nisiipake rangi, nisitoe kile kipande cha 4H, na niandike kadi ya kukaa nayo. Niliandika palepale kwenye karatasi ngumu: Staedtler, bluu, milimita 2, W.-Germany, klipu imeondolewa na mwenyewe kwa ajili ya kuzungusha, risasi 4H, kazi ya upimaji, Kilema na ukanda wa nusu maili. Nikampa asome. Akaisoma polepole, akachukua ile HB yake, akakata "upimaji" akaandika "msaidizi wa mpima", kwa kuwa cheo cha mpima, alisema, alikipata baadaye, akiwa ameshahamia ofisini na ile ya kijani. Chini yake akaongeza miaka aliyoitumia. Kisha mke wake akatoka jikoni na kusema mtori umeiva, na gari la mwisho la kushuka Himo ni saa kumi na mbili, kwa hiyo tule sasa hivi.